Rudisha Nyuma: shajara ya mradi wa maigizo na hasira gerezani

Wiki ya 1

Tumeanza. Saa tatu asubuhi tulikuwa getini na mzigo wetu: kanga mbili, maboksi matupu ya sabuni, gundi, kalamu za rangi na filimbi. Filimbi imebaki getini. Ndani ya gereza filimbi ikilia, ama mtu katoroka ama watu wanapigana, na askari wote hutoka mbio. Nilipaswa kulijua hilo mapema.

Tuko wawili: mimi niliyesomea sanaa za maonyesho, na dada mmoja mshauri nasaha. Mimi naangalia mchezo, yeye anaangalia nani anaumia. Ni mradi wa majaribio, kila Jumatano kwa saa mbili, kwa wafungwa waliohukumiwa kwa kujeruhi, kushambulia au kuua bila kukusudia, pamoja na wale waliopigana humu humu zaidi ya mara moja.

Walikuja 14, sare za rangi ya chungwa, wakachuchumaa mistari miwili chini ya mkorosho kama wanavyochuchumaa kuhesabiwa. Tukawaomba wasimame tufanye duara, na hilo peke yake lilichukua muda. Nikauliza kama kila mmoja kaja kwa hiari yake. Watatu wakasema wameambiwa waje. Tukawaambia ruhusa kurudi, hakuna atakayewaandika. Mmoja akaondoka kweli.

Nikaanza vibaya, kwa swali: hasira ni nini? Wakajibu kwa pamoja kama darasani: hasira hasara. Methali hiyo wameambiwa na hakimu, na shehe, na padri, na mama zao siku za kutembelewa. Hakuna hata mmoja aliyefika hapa kwa kuwa alikuwa haijui. Nikaacha maswali, tukacheza.

Mchezo wa kiganja ni wa Augusto Boal, yule Mbrazili (1931–2009) aliyekamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi wa nchi yake mwaka 1971, akaishi uhamishoni miaka mingi, na akatuachia aina ya maigizo ambayo mtazamaji ana haki ya kuinuka na kuingia jukwaani. Mmoja anaweka kiganja shibiri moja mbele ya uso wa mwenzake. Kiganja kikienda, uso unafuata. Kikishuka, nao unashuka. Kulikuwa na jamaa mmoja wa miaka arobaini na kitu, bonge la mtu, mikono ya mbeba magunia, aliyepangwa na kijana mwembamba. Kiganja cha kijana kilipofika usawa wa kifua, jamaa alifuata. Kilipokaribia kiuno, shingo ikakakamaa, mishipa ikamtoka, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mimi siinamishwi."

Kijana akaganda. Hakuna aliyecheka. Nikamwambia yule mkubwa, basi toa kiganja wewe. Alimwongoza kijana polepole, kwa uangalifu ambao sikuutarajia, na muda wote hakumshusha hata mara moja chini ya kifua.

Nimeliandika kwa urefu kwa sababu ndilo lililotuleta hapa.

Wiki ya 2

Kila gereza lina mwanasheria wake wa selo, mfungwa anayewaandikia wenzake rufaa. Wa kwetu ni mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Leo ametusomesha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, bila kitabu: aliyeua kwa kughadhabishwa ghafla, kabla hasira yake haijapata muda wa kupoa, hahesabiwi muuaji wa kukusudia, bali ni mtu aliyeua bila kukusudia. Wenzake walikuwa wanamalizia maneno pamoja naye. Kwa aliyeshtakiwa kwa kuua, muda huo wa kupoa ndio unaotenganisha kitanzi na kifungo.

Nikawauliza, muda huo ni kiasi gani? Pumzi ngapi? "Mahakama huangalia mazingira," akajibu mwanasheria. Nikasema basi sisi tuupime. Tukaigiza foleni ya maji, mtu anasogeza ndoo ya mwenzake kwa mguu. Nikisema "Simama!" wote wanaganda kama walivyo. Tangu mguu uguse ndoo mpaka mkono unyanyuke tulihesabu moja, mbili, tatu. Nikasema "Rudisha," maana yake tuanze tena hatua moja nyuma, tuone kama ndani ya hizo tatu kuna mlango.

Mzee mmoja akasema, kama kaseti. Zamani kanda ikijivuta kwenye redio uliichomoa, ukachomeka kalamu kwenye tundu lake na kuizungusha mpaka utepe ujirudi. Akaonyesha kwa kidole hewani. Vijana wengine hawajawahi kushika kaseti maishani, lakini kidole kile kinachozunguka kilimvutia kila mtu, na kuanzia leo ndiyo ishara yetu. Mwenye kutaka turudi nyuma anazungusha kidole. Filimbi hatuihitaji.

Wiki ya 3

Kosa langu.

Kijana mwembamba aliomba tuigize kisa cha mpaka wa shamba. Sikuuliza ni kisa cha nani. Hazikupita dakika tano sauti yake ikabadilika, akaacha kumwita mwenzake kwa jina la mchezo, akamwita kwa jina la kaka yake. Dada mshauri alinitangulia: aliingia katikati, akamshika kiwiko, akamtoa pembeni, wakakaa kivulini mpaka muda ukaisha. Sisi wengine tulikaa chini bila kusema neno.

Tumeweka kanuni mbili. Ya kwanza, hapa haichezwi kesi ya mtu. Si kwa ajili ya maumivu tu. Kuna wenye rufaa mahakamani, na neno lililotamkwa chini ya mkorosho mbele ya askari na wafungwa wengine laweza kumfuata mtu mpaka kizimbani. Ya pili, ngumi haichezwi. Tunakwenda mpaka mkono unyanyuke, tunasimamisha hapo.

Wakati wa kuondoka kijana aliniambia, "Mwalimu, usijisumbue, nipo sawa." Hakuwa sawa, na mimi ndiye niliyemfikisha pale.

Wiki ya 4

Hakuna zoezi. Kulikuwa na upekuzi wa selo zote. Tulisubiri getini mpaka saa sita, tukarudi.

Wiki ya 5

Tumemtunga Mwamba. Kwa kuwa hatuchezi kesi ya mtu, kundi zima linatunga mtu mmoja na kumtwika yale ambayo hakuna awezaye kuyasema kwa jina lake mwenyewe. Njia hii nimejifunza kwa kituo cha TiPP cha Manchester, kilichoanzishwa mwaka 1992 na James Thompson na Paul Heritage kwa ajili ya maigizo magerezani. Lakini roho yake ipo hapa nyumbani siku nyingi. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama, walifanya kazi Malya, wilaya ya Kwimba, wakatengeneza maigizo na wanakijiji kutokana na matatizo ya kijiji chenyewe. Hawakwenda na mchezo mkobani.

Mwamba ana miaka 27. Ana bodaboda ya mkataba na hesabu ya kupeleka kila jioni. Mkewe ana mimba ya miezi saba. Mama yake anaumwa miguu. Walibishana karibu nusu saa kama anakunywa au hanywi, na waliosema hanywi wakashinda, kwa hoja kwamba akinywa watu watasema ni pombe, na wao wanataka ijulikane kwamba si pombe.

Abiria kashuka, hana elfu mbili yake. Anamwambia Mwamba, "Nitakulipa kesho bwana, we bodaboda tu." Tukasimamisha. Kinachouma ni nini? Nilitegemea waseme hela. Wote wakaonyesha neno moja: tu.

Yule aliyeondoka wiki ya kwanza leo karudi. Alikuwa akitusikiliza kutoka upande wa jiko.

Wiki ya 6

Kuna Mpare na Mchaga katika kundi, na tangu siku ya kwanza hawaachani. Leo nikawaomba waje katikati wafanye mbele yetu wanachofanya kila siku. Mchaga akaanza: eti mwenzake kauza ng'ombe wawili kumlipa wakili wa kesi ya kuku, tena kesi yenyewe kashindwa. Mpare akajibu kwamba siku Mchaga akizikwa watadondosha sarafu kaburini kwanza, wahakikishe amekufa kweli. Watu walianguka chini kwa kicheko, na askari kwenye kigoda chake naye alikuwa anafuta machozi.

Nikamwomba Mmakonde mmoja, ambaye si mtani wa Mpare, achukue maneno yale yale ya ng'ombe na kuku, bila kubadilisha hata silabi. Aliyasema. Simama! Tukautazama uso wa Mpare. Kicheko kilikuwa bado hakijaisha mdomoni lakini macho yameshaondoka. Nikamwomba mwingine ayaseme kama askari. Hapo hata mdomo ukafunga.

Tukakaa tukazungumza, na hayo ndiyo mazungumzo bora tuliyopata tangu tuanze. Utani una ruhusa ya zamani. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani anaweza kufika msibani akamtukana marehemu mbele ya jeneza, wafiwa wakacheka na kumpa hela. Tusi ni lile lile. Kinachobadilika ni kile ninachojiambia mimi kabla mkono haujanyanyuka: huyu ananichezea, au huyu ananidharau.

"Kumbe naamua mimi kama hili ni tusi," akasema Mpare.

"Usidanganyike," akajibu mwanasheria. "Mengine ni matusi kweli."

Na ana haki. Sitaki kumfundisha mtu aliyedharauliwa maisha yake yote kwamba dharau iko kichwani mwake. Wenzangu wa fani hii wakati mwingine huteleza hapo, kana kwamba hasira ni ugonjwa wa mfungwa peke yake. Ninachotaka ni ile nafasi ndogo ya kuuliza: hili ni lipi kati ya mawili?

Wiki ya 7

Vinyago. Kikundi cha Geese, kilichoanzishwa Marekani na John Bergman mwaka 1980 na kufuatiwa na kile cha Uingereza mwaka 1987, kimejenga kazi yake ya magerezani juu ya kinyago. Mwigizaji akiwa kakivaa unaona sura anayoionyesha dunia. Akikiinua, anasema yaliyo ndani. Tukakata maboksi ya sabuni, tukapaka rangi, na Mwamba akapata uso: nyusi zimekunjwa, mdomo mstari mmoja.

Nikaeleza utaratibu wa kukiinua. Yule mzee wa kaseti, ambaye kwao ni Newala, akanyoosha mkono. "Mwalimu, lipiko havuliwi hadharani."

Akaeleza kwa upole, kama anayeongea na mgeni. Katika mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, aliyevaa kinyago si mtu tena. Wanawake na watoto hawaambiwi ni nani aliyemo. Kuvua mbele ya watu ni kuharibu kitu ambacho wazee wamekilinda. "Na hapa tuna dada," akamalizia. Dada mshauri akasema yeye hana neno, lakini akaniangalia kwa jicho la kusema msikilize.

Nikawauliza, basi tufanyeje tusikie yaliyo ndani? Wakashauriana. Wakaamua kinyago kisivuliwe. Mwingine asimame nyuma ya Mwamba, amwekee mkono begani, aseme yeye anachodhani kimo ndani. Akipatia, Mwamba anaitikia kwa kichwa. Akikosea, anatikisa.

Wa kwanza akasema, "Nitamuua." Kinyago kikatikisika: hapana. Wa pili, "Amenifanya mtoto mbele za watu." Kinyago kikasita, kikainama kidogo. Wa tatu alikuwa yule mkubwa asiyeinamishwa. Aliweka mkono begani akanyamaza muda mrefu hata nikafikiri kasahau kilichompeleka. Kisha akasema, "Naogopa. Leo tena narudi nyumbani sina kitu."

Boksi lile la sabuni lilikaa kimya. Halafu likashuka mpaka kidevu cha kadibodi kikagusa kifua, na halikuinuka mpaka nilipoomba tupumzike.

Kwa njia ya Geese yule aliyevaa angetakiwa ajisemee mwenyewe, na sidhani kama angefika hapo. Wazee wa mapiko wametusaidia.

Wiki ya 8

Wamebaki 11. Wawili wamehamishwa, karandinga lilikuja Jumatatu na hakuna aliyejulishwa, hata sisi. Mmoja kamaliza kifungo. Korosho zimeanza kuanguka, wanarudi shambani wamechoka, mchezo ulikuwa mzito.

Tumejaribu kumhoji Mwamba akiwa amekaa mbele ya kundi zima. Tumekiita kiti cha maswali. Kiti moto, tafsiri ya jina lake la Kiingereza, lingekuwa jina jepesi, ila kwa Mtanzania hiyo ni nyama ya nguruwe, na nusu ya kundi ni Waislamu.

Wiki ya 9

Mwanasheria wa selo kampiga mtu. Kwenye foleni ya chakula, jioni ya Ijumaa, kwa bakuli la bati. Mwenzake kashonwa juu ya jicho. Yeye kapoteza siku za punguzo la kifungo na ametengwa. Mtu anayekijua kwa moyo kile kifungu cha sheria cha muda wa kupoa.

Afisa ustawi alituita ofisini akauliza swali ambalo lilistahili kuulizwa: mnawafundisha kuiacha hasira au kuifanyia mazoezi? Nilimjibu kadiri nilivyoweza. Kuna imani ya zamani kwamba hasira ikitolewa nje huisha, kwamba mtu akipiga mto au gunia anapoa. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman alichapisha jaribio alilowafanyia wanafunzi wa chuo huko Marekani. Walioudhiwa kisha wakapiga gunia la ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walitoka na hasira kubwa zaidi, na wakali zaidi, kuliko waliokaa tu kimya dakika mbili. Ndiyo maana hatuchezi ngumi, na hatumwambii mtu "toa hasira yako". Tunachezea kilicho kabla yake.

Alinisikiliza. Akasema tuendelee mpaka mwisho wa msimu wa korosho, kisha waangalie. Nilitoka pale na jibu sahihi, na mtu aliyeshonwa bado ana nyuzi juu ya jicho.

Wiki ya 10

Amerudi kundini. Kakonda, miwani kioo kimoja. Akasema anaomba tuigize yaliyotokea. Nikamkumbusha kanuni ya kwanza. Akajibu kisheria: "Hii si kesi tena, mwalimu. Imeshahukumiwa." Tukapiga kura, tukakubaliana hivi: Mwamba sasa yuko gerezani, na yaliyotokea yamempata Mwamba. Mwanasheria hachezi. Anaelekeza tu, kwa kidole.

Foleni ya chakula. Mtu anasema, "Sogea mzee." Bakuli linanyanyuka. Simama! Akazungusha kidole. Tukarudi kwenye zile sekunde tatu tulizozipima wiki ya pili, tukatafuta mlango. Watatu waliingia mmoja mmoja kuchukua nafasi ya Mwamba: mmoja akavuta pumzi, mmoja akageuka, mmoja akacheka. Kila mara mwanasheria akatikisa kichwa. Hapakuwa na mlango. Akazungusha kidole tena.

Shambani, mchana, anaokota korosho, mwenzake anaongea mpira naye hajibu. Kidole kikazunguka. Asubuhi, mistari ya kwenda kazini. Afande anapita anagawa barua. Mwamba anaisoma palepale wima, anaikunja, anaichomeka kiunoni kwa kuwa sare haina mfuko, kisha jina lake linaitwa na anakwenda shambani.

"Simama," akasema mwanasheria.

Barua ilisema mama yake amefariki. Amezikwa siku tisa zilizopita.

Nane mchana, tisa, kumi, alikuwa anaokota korosho na barua inamkwaruza kiunoni, na hakuna aliyejua. Sheria inahesabu kuanzia neno la uchokozi. Mimi nilihesabu kuanzia ndoo kuguswa. Tulikuwa tunapima mwisho wa kanda tukidhani ndiyo kanda nzima, na nimewafundisha hivyo kwa wiki nane.

Wiki ya 11

Leo tumeanzia asubuhi. Tumecheza mistari na barua, nikauliza kama Boal alivyotaka kuulizwa: nani anaona mahali pa kubadilisha kitu, aje abadilishe.

Kijana wa mpaka wa shamba akachukua nafasi ya Mwamba, na kule shambani akamwambia mwenzake, "Mama yangu amefariki." Neno hilo tu. Aliyekuwa akiongea mpira akaweka ndoo chini. Walikaa hivyo, na hakuna aliyesema simama. Mpare naye akawa nyapara, akaenda kumwombea Mwamba apumzishwe siku moja. Aliyecheza afande akakataa, akisema hana mamlaka. Wakabishana pale, tukakwama.

Ndipo tukaona kidole kinazunguka nje ya duara. Kilikuwa cha askari wa zamu, yule wa kigodani. Kundi zima likamgeukia. Alivua kofia akaiacha kwenye kigoda, akaingia, akaichukua barua mkononi mwa mwigizaji, akarudi mwanzo wa mstari.

"Barua zote tunazisoma kabla hazijawafikia," akasema, akiitazama karatasi. "Kwa hiyo najua."

Akamwita Mwamba kwa jina, akamtoa mstarini, akampeleka hatua kumi hivi mpaka kwenye shina la mkorosho. Mwamba akaanza kuchuchumaa kwa mazoea. Askari akamwambia, "Hapana, kaa." Naye akakaa chini kando yake, suruali ya sare kwenye vumbi, akampa barua na kusema, "Pole, kaka. Isome taratibu, nipo."

Hakusema kama ndiye aliyegawa ile barua ya kweli, wala hatukumuuliza. Mwanasheria alivua miwani akaifuta kwa pindo la sare, akachukua muda mrefu.

Baada ya hapo kundi likaomba karatasi. Ombi lao kwa mkuu wa gereza ni moja: barua yenye habari za msiba isigawiwe mstarini, mfungwa aitwe kando na afisa ustawi, shehe au padri, na siku hiyo asipelekwe kazini. Walitamka wote, mwanasheria akaandika, kwa aya zenye namba kama anavyoandika rufaa. Sahihi 11, mbili kati yake ni dole gumba. Tuliikabidhi kwa afisa ustawi saa sita mchana. Majibu bado.

Wiki ijayo hakuna zoezi, wanamalizia korosho. Inayofuata tutaanzia usiku, selo imeshafungwa, Mwamba kalala na hiyo barua chini ya kichwa.